Nimeondoa sukari kwenye sloppy joe, sasa imekuwa chachu na imejaa maji. Nifanyeje?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Kigoma, sasa naishi Cedar Rapids, Iowa. Wanangu wameizoea sloppy joe ya shuleni, ule mkate laini wenye nyama ya kusaga kwenye sosi ya nyanya, na wananiomba niwapikie nyumbani. Mara ya kwanza niliweka kikombe kizima cha kechapu na vijiko viwili vya sukari ya kahawia kwenye pauni moja ya nyama ya kusaga, kama maelekezo yalivyosema. Ikawa tamu kama jamu, baba yao akasogeza sahani pembeni. Mara ya pili nikaondoa sukari na kechapu yote, nikamimina chupa ya sosi ya tambi. Ikatoka chachu, maji yakachuruzika hadi mikononi, na kijana wangu mkubwa akasema, "Mama, hii ni tambi bila tambi." Nataka iliyokolea, isiyo na sukari nyingi, na watoto waile. Halafu mwezi ujao nimeahidi kuipeleka kanisani, watu kama thelathini. Nisaidie.

Jibu: Dada yangu, kijana wako kasema kweli, na nusu ya jibu lako imo kwenye sentensi yake. Nusu nyingine iko kwenye yale maji yaliyokuchuruzika mikononi.

Nianze na sukari, maana ndiyo iliyokusumbua kwanza. Kijiko kikubwa kimoja cha kechapu ya kawaida kina kama gramu 4 za sukari. Kikombe kina vijiko vikubwa 16, kwa hiyo ni gramu 64. Ongeza vile viwili vya sukari ya kahawia, unafika karibu gramu 90. Ukigawa kwenye mikate mitano, kila mmoja umebeba gramu 18, na mtoto akila miwili amekaribia sukari ya kopo la aunsi 12 la Coca-Cola, lenye gramu 39. Hapo sijagusa sukari iliyo ndani ya mkate wenyewe. Baba yao hakukosea kusogeza sahani.

Lakini sukari ile ina kazi yake mle ndani, na usipoijua kazi hiyo utaondoa sukari ubaki na shida. Kazi yake ni kufunika. Nyama iliyochemka kwenye maji yake badala ya kukaangika haina ladha. Nyanya ya kopo iliyomiminwa mbichi ina ukali. Ukizilaza hizo mbili chini ya kikombe cha kechapu, huzisikii tena. Siku uliyoondoa kechapu ulikutana nazo ana kwa ana: nyama isiyo na ladha na nyanya isiyoiva. Kiswahili chetu kina neno moja, tamu, kwa sukari na kwa chakula kizuri pia, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tukiona chakula hakijawa kitamu tunakimbilia sukari. Unachokitafuta wewe ni kukolea, na kukolea kunatoka kwenye kikaango kabla chupa yoyote haijafunguliwa.

Wewe umekaa kwenye jimbo lenyewe la chakula hiki. Muscatine, kando ya mto Mississippi, si mbali na kwenu. Huko mwaka 1926 mchinja nyama aitwaye Fred Angell alianzisha migahawa ya Maid-Rite, wanaouza mkate wenye nyama ya kusaga iliyopikwa ikiwa chengachenga, bila sosi ya nyanya. Simulizi inayorudiwa zaidi inasema sloppy joe ilitokana na mikate ya namna hiyo huko Sioux City, upande wa magharibi wa jimbo, miaka ya 1930, pale mpishi aitwaye Joe alipoongeza nyanya. Sosi ya kopo iitwayo Manwich ilikuja baadaye sana, mwaka 1969. Ninalitaja hili kwa sababu moja: kwenye ukoo wa chakula hiki nyama ndiyo mkubwa, nyanya imekuja kuisindikiza. Ukipika kwa mpangilio huo mambo yananyooka.

Sasa nyama. Nunua ya ng'ombe iliyoandikwa 85/15, yaani nyama tupu asilimia 85 na mafuta asilimia 15. Ile ya 93 ni kavu mno kwa kazi hii, na ya 73 itakuachia bwawa la mafuta. Chukua pauni moja na nusu, inatosha mikate sita. Itoe kwenye friji dakika 20 kabla, ipanguse unyevu kwa karatasi ya jikoni. Chukua kikaango kipana kuliko vyote ulivyo navyo, kizito, cha chuma kama unacho. Kiweke motoni kitupu mpaka tone la maji likidondoka liruke na kupotea. Mafuta kijiko cha chai kimoja tu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nililiharibu hili miaka miwili nzima nilipoanza kazi za jikoni Des Moines, kwa sababu aliyenifundisha aliniambia nisiache kukoroga. Usikoroge. Ibandike nyama kwenye kikaango kama chapati nene moja, ikandamize, halafu iache. Dakika nne, hata tano. Sikiliza. Ukisikia mlio mkali unaochwarika, nyama inakaangika. Ukisikia mlio wa chini, wa kububujika, na ukaona maji ya kijivu yamezunguka pembeni, nyama inachemka, na kikaango chako ni kidogo au moto ni mdogo. Maji hayapiti nyuzi 100 za sentigredi yakiwa yanachemka, na ule wekundu wa hudhurungi wenye harufu ya mshikaki hauji vizuri mpaka uso wa nyama upande kama nyuzi 140. Maana yake, maji yakiwepo rangi haiji, hata ukipika nusu saa. Yakikutokea, toa nusu ya nyama, acha maji yakauke, endelea kwa mafungu mawili.

Inua ukingo kwa mwiko uchungulie. Chini iwe na rangi ya kahawa, kama mkate ulioungua kidogo pembeni. Igeuze vipande vipande, dakika mbili tena, kisha ndiyo uanze kuivunja. Kile chuma chenye matundu cha kupondea viazi kinaivunja nyama vizuri kuliko mwiko. Usiisage iwe kama mchanga. Baadhi ya chenga zibaki na ukubwa wa punje ya hindi, ndizo zitakazokupa kitu cha kutafuna. Itoe uiweke kwenye bakuli. Mafuta yaliyobaki, acha vijiko vikubwa viwili, mengine yamwage kwenye kopo, kamwe si kwenye sinki. Na ile gaga ya kahawia iliyoshika chini ya kikaango usiikwangue ukaitupa. Hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya sukari uliyoondoa.

Kwenye mafuta hayo, moto wa wastani, weka kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa vidogo na nusu ya hoho la kijani. Kijani, si jekundu: jekundu limeiva na lina sukari zaidi, la kijani lina uchungu kidogo na sisi tunauhitaji. Nyunyiza chumvi kidogo ili kitunguu kitoe maji, na hayo maji yatalegeza ile gaga uikwangue kwa mwiko. Kaanga dakika nane mpaka kumi, kitunguu kilainike na kingo zake zianze kuwa za dhahabu. Usiende mpaka kiwe cha kahawia kabisa kama cha pilau, kwani kitunguu cha kiwango hicho nacho kina utamu wake. Saumu punje tatu zilizopondwa, nusu dakika.

Halafu inakuja hatua ambayo wewe unaijua tangu kwa mama yako na maelekezo mengi ya Kimarekani yanairuka. Sisi hatuli mchuzi ambao nyanya yake haijaiva. Tunakaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge yaelee pembeni, hapo ndipo tunaongeza kitu kingine. Huku mtu anafungua kopo, anamimina kwenye nyama, anaweka sukari kuua ukali. Fanya ya kwenu. Chukua ile nyanya nzito ya kikopo kidogo cha aunsi 6, ambayo ukichomeka kijiko kinasimama. Angalia lebo: kiambato kiwe nyanya, basi, na pengine limau ya unga kidogo. Weka vijiko vikubwa vinne katikati ya kikaango, vitandaze, vikaange dakika tatu ukigeuza. Nyekundu ile ya kung'aa itafifia iwe rangi ya tofali, itaanza kushika chini, na harufu itabadilika kutoka harufu ya kopo kuwa ya kitu kilichochomwa. Mafuta yakigeuka rangi ya machungwa pembeni, imeiva.

Sasa turudi kwa kijana wako na tambi zake. Kilichomfanya aseme vile ni oregano na basili zilizomo kwenye sosi ya chupa, ambayo mara nyingi nayo ina sukari yake ndani. Soma lebo utaona. Ukiweka oregano tu, umeshakwenda Italia. Kinachoifanya sloppy joe ijulikane mdomoni ni vitu vitatu: haradali, siki, na sosi ya Worcestershire. Hii ya mwisho isikutishe kwa jina. Ni siki, ukwaju, molasi, na samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliolazwa kwenye chumvi. Ukwaju na dagaa, dada, vitu vya nyumbani kabisa, vimekwenda Uingereza vikarudi ndani ya chupa. Kampuni ya Lea & Perrins imeiuza tangu 1837. Huna chupa hiyo? Kijiko cha chai cha ukwaju mzito uliochujwa na kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya vinakaribia sana, na mimi kuna siku ninapendelea hivyo.

Basi nyunyiza kijiko cha chai kimoja cha unga wa haradali, kimoja cha paprika, nusu ya pilipili manga, koroga nusu dakika. Mimina kikombe kimoja cha maji au supu ya nyama isiyo na chumvi, kwangua chini ya kikaango mpaka pabaki safi. Rudisha nyama na maji yake. Ongeza kopo dogo la aunsi 8 la sosi ya nyanya isiyo na viungo, kijiko kikubwa kimoja na nusu cha Worcestershire, chumvi nusu kijiko cha chai kwa kuanzia, na kechapu vijiko vikubwa viwili. Naam, kechapu. Sikuambii uifute kabisa. Vijiko viwili ni gramu 8 za sukari zilizogawanyika kwa watu sita, gramu moja na kidogo kila mtu, na bila hivyo watoto watasema kuna kitu kimepungua hata kama hawajui ni nini. Anayeniuliza kama sloppy joe bila tone la sukari inawezekana, namjibu inawezekana, ila itakuwa kima ya nyanya, na kima ya nyanya naipenda kwa chapati.

Kwa sababu hiyohiyo usiweke bizari ya mchuzi wala mdalasini. Bizari nyembamba nayo iache, inaivuta kwenda upande wa maharage ya Kimeksiko. Mkono utawasha, najua. Uzuie.

Moto mdogo, bila kifuniko, dakika 20. Pitisha mwiko chini ya kikaango uone: njia ikibaki wazi sekunde mbili kabla sosi haijarudi, imefikia. Ikijifunga mara moja, bado kuna maji. Ikibaki wazi kabisa, ongeza vijiko viwili vya maji. Zima moto, ndipo utie siki ya tufaha vijiko vya chai viwili. Siki ikipikwa muda mrefu inapoteza ukali wake mzuri, na wewe unautaka ubaki juu juu.

Onja kwa kipande cha mkate, si kwa kijiko. Mkate una sukari na unameza chumvi, kwa hiyo kilichokaa sawa kwenye kijiko kinakuwa kimepooza kwenye mkate. Ikiwa bado ni chachu, usirudi kwenye sukari. Chukua magadi ya kupikia, ile bikaboneti nyeupe ya keki, kiasi cha ncha ya kisu, isizidi nusu ya robo ya kijiko cha chai. Itatoa povu kidogo, ikorogee, subiri dakika mbili, onja. Inaua asidi yenyewe badala ya kuificha. Usizidishe, itakupa ladha ya sabuni. Ikiwa haijakolea lakini si chachu, ni chumvi au nusu kijiko cha Worcestershire. Na siku ikitokea umeifanya tamu mno, maji hayasaidii, wala kuongeza chumvi peke yake. Kaanga nusu pauni nyingine ya nyama vilevile mpaka iwe ya kahawia, ichanganye, kisha tia haradali na siki kidogo kidogo.

Mikate: ile laini ya viazi ni mizuri kwa kushika lakini mingi ina sukari zaidi, linganisha lebo. Paka siagi upande wa ndani, ichome kwenye kikaango kikavu mpaka iwe ya dhahabu. Gamba hilo ndilo linalozuia sosi isizame mpaka mkononi. Matango ya siki yawe yale ya shibiti (dill) na saumu, sio yale ya sukari.

Kuhusu watoto, ukiwapelekea sahani hii kesho wakati ulimi wao umezoea ya shuleni, watagoma. Shuka ngazi kwa ngazi. Mara ya kwanza weka nusu kikombe cha kechapu na upunguze sosi ya kopo kwa kiasi hichohicho. Wiki nyingine robo kikombe. Ya tatu vijiko viwili. Mabadiliko yakija pamoja na nyama iliyokaangwa vizuri hawatayaona, maana kila mara wanapata kitu badala ya kilichoondoka.

Sasa kanisani. Watu thelathini, pika ya mikate 36, kwa sababu vijana watarudia. Ni pauni tisa za nyama, yaani mapishi haya mara sita. Nyama usiikaange yote pamoja hata kama una sufuria kubwa ya harusi. Itachemka, utarudi kulekule. Kaanga pauni moja na nusu kwa mara, ukiwa na vikaango viwili haizidi dakika 40. Kila fungu likitoka, tia maji kidogo kwenye kikaango, kwangua gaga, uimimine kwenye sufuria kubwa. Vitunguu, nyanya nzito na haradali zidisha mara sita bila wasiwasi. Maji usizidishe hivyo: sufuria yenye kina haikaushi haraka, anza na vikombe vitatu badala ya sita. Chumvi na siki zidisha mara nne, kisha onja uongeze kidogo kidogo.

Unaweza kuipika Jumamosi, na kwa kweli Jumapili inakuwa imekolea zaidi. Lakini sufuria ya pauni tisa ikiachwa mezani ipoe yenyewe, katikati itakaa vuguvugu usiku mzima, na hapo ndipo tumbo za watu zinapoharibika. Igawanye kwenye trei zisizo na kina, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asubuhi ipashe jikoni mpaka ichemke, ifike nyuzi 165 za Farenhaiti, ndipo uihamishie kwenye chungu cha umeme (slow cooker). Chungu kile kinatunza joto, hakiwezi kupasha kitu cha baridi kwa usalama. Kiache mahali pa moto, juu ya nyuzi 140 za Farenhaiti, na glasi ya maji ya moto pembeni kwa kulegeza sosi ikikauka. Itakayobaki inakaa friji siku tatu hadi nne, kwenye jokofu la barafu miezi mitatu.

Bandika karatasi mezani kwamba kuna samaki ndani, kwa ajili ya wenye mzio, kwani hakuna anayetegemea samaki kwenye nyama ya ng'ombe. Na mikate ichome hukohuko kanisani, kumi kumi, watu wakiwa kwenye foleni. Ukiichoma nyumbani ukaifunga kwenye foili, ikifika itakuwa imelowa kwa mvuke wake.

Ukishaipika ya kwanza, niandikie uniambie chini ya nyama palikuwa na rangi gani.